Nani, au Lini?

Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia kijijini, swali la kwanza linaloulizwa ni nani aliyeuleta. Swali la pili, ambalo huulizwa na wachache, ni lini: lini alikutana na mgonjwa, lini alianza kuumwa, lini alijua. Swali la kwanza hutafuta mtu wa kumnyooshea kidole. La pili linaonekana dogo, kama kazi ya karani wa tarehe. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba swali la lini ndilo lenye uzito zaidi, kwa sayansi na kwa maadili pia, na kwamba hukumu nyingi tunazotoa juu ya wenzetu si za haki kwa sababu tumeliruka.

Hebu tuanze na mfano mwepesi. Kuna watu watatu: Nakato, Okello na Mugisha. Nakato na Okello hukutana mara moja. Okello na Mugisha nao hukutana mara moja. Nakato na Mugisha hawajawahi kuonana. Ukichora mahusiano yao kwenye karatasi utapata nukta tatu na mistari miwili, na utasema kwamba Nakato akiwa na maradhi, Mugisha yuko hatarini kupitia kwa Okello. Lakini karatasi hiyo haijasema ni siku gani. Ikiwa Nakato alikutana na Okello Jumatatu, na Okello akakutana na Mugisha Jumanne, njia ipo. Ikiwa Okello alikutana na Mugisha Jumatatu, na Nakato akakutana na Okello Jumanne, njia hiyo haipo kabisa. Mistari ni ileile, watu ni walewale, idadi ya mikutano haijabadilika, ila Mugisha sasa yuko salama. Mkono hupeanwa pande mbili, lakini wakati haurudi nyuma, na kwa hiyo barabara ambayo kwenye karatasi inaonekana ya kwenda na kurudi, kwa kweli ni ya upande mmoja.

Wataalamu wanaochunguza mitandao ya watu wameandika mengi kuhusu jambo hili. Petter Holme na Jari Saramäki, katika makala yao ya mwaka 2012, walikusanya tafiti nyingi kuhusu mitandao inayobadilika kwa wakati na kueleza kwa nini picha isiyo na tarehe inapotosha. Albert-László Barabási naye alionyesha mwaka 2005 kwamba matendo ya binadamu hayatokei kwa mwendo wa saa ya ukutani. Huja kwa mafungu: kimya kirefu, kisha mambo mengi kwa mkupuo, kisha kimya tena. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Mkulima mmoja anaweza kukutana na watu kumi kila siku, jumla sabini kwa juma. Jirani yake akashinda shambani peke yake siku sita, kisha siku ya gulio akakutana na watu sabini. Kwa wastani wako sawa. Lakini kama jirani huyo anaweza kuambukiza wengine kwa siku tatu tu, basi kila kitu kinategemea kama gulio limeangukia ndani ya siku hizo tatu au nje yake. Wastani hautakuambia hilo.

Sasa tuje kwenye jambo lililotupata. Tarehe 20 Septemba 2022, serikali ya Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola katika wilaya ya Mubende. Kuanzia tarehe 15 Oktoba, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia, na usiku hakuna kutembea. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023. Watu 142 walithibitishwa kuambukizwa, na 55 kati yao walifariki. Hao ni mbali na wale waliofariki kabla ya kupimwa.

Ebola ni ugonjwa ambao swali la lini ndilo ufunguo wake. Mtu akishaambukizwa, dalili hujitokeza baada ya siku mbili hadi 21. Kabla ya dalili haambukizi wengine. Dalili zikianza, hatari huongezeka kadiri ugonjwa unavyozidi, na mwili wa marehemu ndio wenye hatari kubwa, ndiyo sababu mazishi yalipigiwa kelele sana. Kwa hiyo mtu aliyekula sahani moja na mgonjwa siku moja kabla ya homa, na mtu aliyemfuta jasho siku mbili baada ya homa, wamesimama mahali pawili tofauti kabisa, ingawa kijiji kitawaita wote "waliokuwa naye".

Shangazi yangu anaishi katika mojawapo ya wilaya hizo mbili. Jirani yake, ambaye hakupona, alianza kuumwa siku ya Jumatano. Shangazi alikuwa naye Jumatatu, wakipepeta maharage uani. Mama mwingine alikuja Ijumaa, akamkuta mgonjwa kitandani, akamfulia nguo na kumlisha uji. Mhudumu wa afya aliyekuja kufuatilia alimuuliza kila mmoja maswali ya tarehe, akahesabu, kisha akaandika jina la yule mama na kuliacha la shangazi. Kijiji hakikuridhika. Watu walisema shangazi ndiye aliyekuwa na marehemu wa kwanza, kwa hiyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Nyanya zake zilioza mezani. Watoto walikatazwa kupita mbele ya nyumba yake. Kumbe kule kuwa wa kwanza ndiko kulikomweka salama. Walikuwa wamehesabu kinyume. Yule mama wa pili alikaa siku zake 21 ndani, hakuugua, na maharage yake yaliharibika shambani kwa kukosa mvunaji.

Hapo ndipo swali la maadili linaponikaba. Wanawake wawili walifanya tendo moja: walikwenda kwa jirani. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kuna Ebola. Mmoja aliingia Jumatatu, mwingine Ijumaa. Kama yule wa Ijumaa angeambukizwa na kumwambukiza mwanawe, tungesema nini juu yake? Je, ni haki kumlaumu mtu kwa madhara yaliyopitia mikononi mwake, ikiwa kilichoyapitisha ni mpangilio wa siku tu?

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo la namna hii mwaka 1976, na likapata jina: bahati ya kimaadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori aliyezembea kukagua breki zake. Mtoto akitokea barabarani na kugongwa, dereva anahukumiwa vikali kuliko dereva mwenzake aliyezembea vilevile lakini hakutokewa na mtoto. Uzembe ni mmoja, hukumu ni mbili, na tofauti ni bahati. Mfano wa majirani wangu unakwenda mbali zaidi, maana hapa hakuna uzembe wowote. Kilichokuwepo ni wema. Yule wa Ijumaa alikuwa hatarini kwa sababu alitenda wema wakati mgonjwa alipouhitaji zaidi. Tukimlaumu, tunamlaumu kwa sababu alikuja pale ambapo kuja kulikuwa na maana.

Msimamo wangu una sehemu mbili, na naomba msomaji asiishike ya kwanza akaiacha ya pili.

Sehemu ya kwanza: mtu ahukumiwe kwa yale aliyoyajua, au aliyopaswa kuyajua, saa ile aliyotenda. Asihukumiwe kwa mahali alipojikuta kwenye mnyororo. Mnyororo huonekana baadaye tu, pale mhudumu anapokaa chini na daftari na kuunganisha tarehe. Aliyekuwa ndani yake hakuuona. Kumwambia leo "wewe ndiye uliyetuletea" ni kumdai maarifa ya leo kwa tendo la juzi.

Sehemu ya pili: maarifa yakishafika, tendo lilelile linakuwa tendo jingine. Mtu anayepanda teksi kwenda Kampala Jumanne, kabla ya kuambiwa kwamba aliyemuuguza alikuwa na Ebola, amesafiri. Mtu huyohuyo akipanda teksi hiyohiyo Alhamisi, baada ya kuambiwa na kutakiwa abaki nyumbani siku 21, amefanya jambo lenye jina tofauti. Kiti ni kilekile, nauli ni ileile, na huenda wote wawili wasimwambukize yeyote. Lakini safari ya Alhamisi imewahatarisha abiria wengine bila idhini yao, na ya Jumanne haikuwahatarisha kwa makusudi wala kwa uzembe. Wakati, basi, ni sehemu ya tendo lenyewe.

Kuna atakayenipinga: "Ukiweka hatia kwenye kujua, unawafundisha watu wasijue. Kila mtu atakataa kupimwa ili abaki bila hatia." Pingamizi hili ni zito, na sitalipuuza. Jibu langu la kwanza ni kwamba nimesema "aliyoyajua au aliyopaswa kuyajua". Anayeziba masikio kwa makusudi amekwishajua kwamba kuna jambo la kusikia. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu si kila anayekimbia kujua ni mkaidi. Wengi ni waoga, na woga wao una sababu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humwelekea mgonjwa peke yake, kana kwamba kuficha ni tabia yake tu. Mimi ningependa tuigeuze ituelekee sisi wengine: kwa nini anaficha? Mkulima akisema leo kwamba alimuuguza aliyekufa kwa Ebola, kesho hatapalilia, hatauza, na watoto wake watakula kwa huruma ya watu ambao wanawakwepa. Siku 21 ni muda mfupi kwa mwenye mshahara. Kwa anayeishi kwa kibarua cha siku ni kipindi cha njaa. Kama jamii inataka watu waseme mapema, lazima kusema mapema kusiwe ghali kuliko kunyamaza. Chakula kipelekwe mlangoni, shamba lipaliliwe na majirani, jina lisitajwe redioni. Tukishindwa kufanya hivyo, kisha tukamhukumu aliyenyamaza, tumemhukumu kwa kosa ambalo tulishiriki kulitengeneza. Sisemi hana hatia yoyote. Nasema hatia hiyo ina wenye hisa wengi.

Kuna mfano wa zamani zaidi hapa kwetu unaoonyesha kwamba swali la lini si geni kwa maadili yetu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, UKIMWI ulipokuwa ukimaliza vijiji vya Rakai na kwingineko, serikali ya Uganda iliwaambia watu maneno yaliyotoka kwenye ufugaji: mfungie ng'ombe nyumbani, usimwache azurure malishoni. Kila mtu alielewa. Ujumbe haukuuliza tu "umekuwa na wapenzi wangapi maishani?" Uliuliza "una wangapi sasa hivi, kwa wakati mmoja?" Miaka ya 1990 Martina Morris na Mirjam Kretzschmar walionyesha kwa hesabu kwa nini swali hilo lina maana. Mtu mwenye wapenzi wawili mmoja baada ya mwingine hawezi kurudisha virusi vya wa pili kwa yule wa kwanza aliyekwisha kuachana naye. Akiwa nao wote kwa kipindi kimoja, njia inafunguka pande zote. Zaidi ya hayo, katika majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa virusi huwa vingi mno mwilini, kwa hiyo mahusiano yanayopishana huvipitisha vikiwa bado vikali. Wataalamu wengine wamebisha juu ya ukubwa wa jambo hilo katika kueleza janga la Afrika, na ubishi huo haujaisha. Lakini kanuni yenyewe ya mpangilio haibishaniwi.

Kinachonigusa katika mfano huo si hesabu. Ni yule mke, au yule mume, mwenye mpenzi mmoja tu maisha yake yote, aliyeambukizwa ndani ya ndoa. Yeye alifanya kila alichofundishwa. Uaminifu wake haukuwa ngao, kwa sababu usalama wake ulitegemea kalenda ya mtu mwingine, ambayo hakuonyeshwa. Hapa ndipo ninapoona kikomo cha maadili yanayomwangalia mtu mmoja mmoja. Tunapenda kuamini kwamba mwema hulipwa wema. Mtandao wa watu haulipi hivyo. Kwa hiyo wajibu wa kusema ukweli mapema kwa wale ambao maisha yao yamefungamana na yako ni mzito kuliko wajibu wa kujiweka safi wewe mwenyewe. Aliye safi lakini msiri, na aliyekosea lakini akasema siku ileile, nikiulizwa nani kati yao anayelinda watu, nitamtaja wa pili.

Hadi hapa nimewazungumzia watu wadogo. Wenye mamlaka nao wana lini yao. Mwaka 2015 nchini Guinea, chanjo ya Ebola ilijaribiwa kwa njia ambayo wanafunzi wa falsafa wanapaswa kuisoma. Mgonjwa mmoja alipopatikana, watu waliokutana naye na waliokutana na hao walihesabiwa kuwa kundi moja. Makundi mengine yalichanjwa papo hapo, mengine yalichanjwa baada ya siku 21, na kilichoamua ni kura. Katika makundi yaliyosubiri waliendelea kuugua watu. Katika yale yaliyochanjwa mara moja, hakuna aliyeugua kuanzia siku ya kumi baada ya chanjo. Matokeo hayo ya awali yalipoonekana, mwezi Julai mwaka huo, kusubiri kuliondolewa na kila kundi likachanjwa mara moja.

Je, wale waliosubirishwa walidhulumiwa? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu linafuata ile ile kanuni niliyoitaja. Mwezi Aprili hakuna aliyejua kama chanjo inafanya kazi, au kama ina madhara. Kura ilikuwa njia ya haki ya kugawana kutojua. Mwezi Agosti, baada ya kujulikana, siku 21 zilezile zingekuwa dhuluma. Watafiti walibadilika pale maarifa yalipobadilika, na hicho ndicho tunachopaswa kumdai kila mwenye mamlaka.

Kwetu mwaka 2022 hatukuwa na bahati hiyo. Virusi vilivyotupata ni aina ya Sudan, vinavyojulikana tangu mwaka 1976, na ambavyo viliua watu zaidi ya 200 katika mlipuko wa Gulu mwaka 2000, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Chanjo iliyothibitishwa ilikuwa ya aina nyingine, ile ya Zaire. Dozi za kwanza za majaribio kwa aina ya Sudan zilitua nchini tarehe 8 Desemba 2022, wakati wagonjwa wa mwisho walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hapakuwa na wa kumchanja ili kujua kama inakinga. Virusi hivyo viliporudi na mlipuko kutangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza tarehe 3 Februari, siku nne tu baadaye, kwa kuwa maandalizi yalifanywa wakati wa utulivu. Dozi moja haina thamani moja kila siku. Ile ya Desemba ilikuwa chupa ghalani. Ile ya Februari ilikuwa tumaini la mtu mwenye jina. Anayechelewesha msaada kwa miezi mitatu hawezi kujitetea kwamba mwishowe aliutoa, kama vile anayelipa ada ya mtoto baada ya mtihani hawezi kusema amemsomesha.

Lugha yetu ina methali mbili ambazo walimu hupenda kutuuliza kama zinapingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zamani nilijibu kwamba zinapingana, na kwamba kila mtu huchagua inayomfaa. Sasa naona zinahitaji kusomwa pamoja na swali la tatu, yaani tunajua nini kwa sasa. Pale tusipojua, pupa ya kulaumu ni hatari, na kijiji kilichomtenga shangazi yangu kilikuwa na pupa hiyo. Pale tunapojua, kungoja ndiko kunakoumiza, na matumbo yanayoumia kwa kawaida si ya yule anayengoja.

Kwa wanafunzi wenzangu, jambo hili si la Mubende na Guinea pekee. Mabweni yetu ni mtandao unaobadilika kila wiki: foleni ya chakula, maktaba kabla ya mitihani, teksi za Ijumaa jioni kurudi kwa wazazi. Macho mekundu yakianza katika chumba kimoja, ndani ya siku chache utasikia jina la mtu likizungushwa kwenye korido, na mwenye jina ataacha kuja darasani kwa aibu, au atakuja amevaa miwani ya jua ili asijulikane. Jina hilo halijamponya mtu. Mtu anayeweza kusaidia ni yule atakayegonga mlango wake na kumuuliza, bila kumkaripia, macho yalianza kuwasha siku gani na tangu hapo amelala au kusoma karibu na nani, kisha akaenda kuwaambia hao kabla ya Ijumaa.